Muhuri wa Chifu: Kuomba Fedha za Chuo Lodwar na Kakuma

Serikali ilianza kuwakopesha Wakenya karo ya chuo kikuu hata kabla ya uhuru. Mwaka 1952 utawala wa kikoloni ulianzisha mfuko wa mikopo kwa wanafunzi waliopata nafasi za kusoma Uingereza, Marekani, India au Afrika Kusini. Chuo kikuu cha karibu wakati huo kilikuwa Makerere, ng'ambo ya mpaka. Nairobi haikuwa na chuo cha namna hiyo mpaka Royal Technical College ilipofungua milango mwaka 1956. Aliyeweza kuomba mkopo huo alikuwa amekwisha kupita sekondari, na kwa kawaida alitoka sehemu zenye misheni za zamani, reli na mazao ya kuuza. Turkana haikuwa na lolote kati ya hayo.

Nchi hiyo ya Waturkana ilitolewa mikononi mwa Uganda na kukabidhiwa Kenya mwaka 1926, kisha ikawekwa chini ya sheria za maeneo yaliyofungwa: mgeni hakuingia bila kibali. Lodwar, kando ya mto Turkwel, ilikuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, askari na maduka machache. Wakenya wengi wa bara walilisikia jina lake kwa sababu ya kifungo. Jomo Kenyatta alipomaliza adhabu yake Lokitaung mwaka 1959 hakuachwa huru, bali aliwekwa Lodwar hadi 1961. Serikali ya wakati huo iliijua Turkana kama mahali pa kumweka mtu isiyetaka aonekane, na serikali yenye fikra hiyo haikuwa na haraka ya kujenga madarasa.

Shule zilikuja na njaa. Ukame wa 1960 na 1961 ulimaliza mifugo, watu wakakusanyika kwenye vituo vya chakula, na wamisionari wakaruhusiwa kuingia kusaidia. Mapadri wa Kiltegan kutoka Ireland walifika mwaka 1961, na Waprotestanti wa Africa Inland Mission nao wakafungua vituo vyao. Baada ya chakula ikaja zahanati, baada ya zahanati darasa. Kanisa Katoliki lilikua hadi Lodwar ikawa jimbo kamili mwaka 1978. Kwa muda mrefu, mtoto wa mfugaji aliyetaka kuendelea na masomo hakujaza fomu yoyote. Padri au mwalimu mkuu alimjua, aliijua awi, yaani boma, ya baba yake na alijua mbuzi wangapi walikufa kiangazi kilichopita. Neno lake kwa wafadhili lilitosha. Huyo ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza wa umaskini wa mwanafunzi wa Turkana, na udhaifu wake ni dhahiri: aliyekaa mbali na misheni hakuwa na wa kumsemea.

Mwaka 1971 serikali ya Kenyatta, mfungwa wa zamani wa Lodwar, ilifuta ada ya masomo katika shule za msingi za wilaya kame, Turkana ikiwemo. Januari 1974 ada ikaondolewa nchi nzima kuanzia darasa la kwanza hadi la nne. Mwaka huo huo, juu kabisa ya ngazi, serikali ikafanya kinyume. Masomo ya chuo kikuu yalikuwa ya bure tangu uhuru, kwa kuwa taifa lilihitaji watu wa kushika ofisi zilizoachwa na Waingereza. Kuanzia mwaka wa masomo wa 1974/75 malazi, chakula na matumizi ya mwanafunzi yakawa mkopo wa kulipwa baada ya kupata kazi, ukisimamiwa na Wizara ya Elimu. Wanafunzi waligoma, na mkopo ukabaki.

Pesa hizo wanafunzi wenyewe walizipa jina la boom, nalo likakaa vinywani kwa miaka mingi. Kupata boom kulikuwa rahisi kuliko ombi lolote lililofuata. Kilichotakiwa ni barua ya kuitwa chuoni. Mtoto wa waziri na mtoto wa mchunga ngamia walitia saini karatasi ile ile, wakapokea kiasi kile kile, na hakuna aliyeulizwa baba yake ana nini. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Lodwar mwaka 1971, kama hakukatizwa na ukame, uvamizi wa mifugo au kuitwa nyumbani kuchunga, angefika chuo kikuu katikati ya miaka ya themanini na kuikuta boom ikimsubiri. Waliofika walikuwa wachache mno. Kwao usawa ule haukuwa bure: mwenzao wa Nairobi alikwenda likizo kwa basi la mjini, wao walisafiri karibu kilomita 700, na sehemu ya boom ikatumwa nyumbani kununua unga.

Tatizo la boom lilikuwa upande wa kurudisha. Wizara ilikuwa na majalada bila njia ya kuwafuata waliohitimu, na wengi waliamini kwamba pesa ya serikali ni zawadi. Deni lilirudi kwa kiasi kidogo tu. Kisha idadi ya wanafunzi ikapanda ghafla, hasa kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4 lilipoingia vyuoni mwaka 1990, wakati Benki ya Dunia na wakopeshaji wengine wakiibana serikali ipunguze matumizi. Mwaka 1991 ikatangazwa ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka, na ruzuku ya chakula ikaondolewa, kila mwanafunzi akawa analipia sahani yake. Migomo ilifuata na vyuo vikafungwa. Kutoka hapo hapakuwa na kurudi nyuma.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo kila mtu huiita HELB, iliundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1995. Ilirithi madeni ya boom na ikapewa meno ya kuyakusanya: riba ya asilimia 4 kwa mwaka, malipo kuanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, waajiri kulazimishwa kukata mishahara, na baadaye faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi mdaiwa anaokwepa. Ada ya chuo ilipandishwa hadi shilingi 16,000. Kwa miaka mingi mkopo wa shahada ya kwanza ulikuwa kati ya shilingi 35,000 na 60,000 kwa mwaka, na sehemu yake, shilingi 8,000, ilipelekwa moja kwa moja chuoni kama nusu ya ada. Waliothibitika kuwa na shida zaidi waliongezewa basari isiyozidi shilingi 8,000. Neno boom likazeeka polepole, na badala yake mabweni yote yakajua sentensi moja: Helb imeingia.

Jambo kubwa lililobadilika lilikuwa swali lenyewe. Chini ya boom mwanafunzi aliulizwa kama amekubaliwa chuoni. Chini ya HELB aliulizwa kama ni maskini, na jibu lilihitaji ushahidi ulioandikwa, kutiwa saini na kupigwa muhuri.

Fomu ya miaka ya tisini na elfu mbili ilikuwa safari ya kweli kwa mtu wa Turkana. Ilitaka nambari ya kitambulisho ya mwombaji na nakala za vitambulisho vya wazazi. Kama mzazi amefariki, ilitaka cheti cha kifo. Ilitaka wadhamini wawili wenye vitambulisho, saini na muhuri wa chifu, kiapo mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, muhuri wa chuo, na uthibitisho wa benki kwamba akaunti ipo. Kwa mwanafunzi wa Kiambu hizo ni shughuli za siku mbili. Kwa aliyetoka Kibish, zaidi ya kilomita 200 kaskazini ya Lodwar kwa barabara ya vumbi, kila mstari wa fomu ulikuwa mahali pengine kwenye ramani. Chifu alikuwa huko huko nyumbani, pengine ameifuata adakar, kundi la familia zinazohama pamoja na mifugo. Hakimu na benki walikuwa Lodwar. Chuo kilikuwa Eldoret, Njoro au Nairobi. Fomu iliyokamilika ilitakiwa kufika Anniversary Towers, jengo refu la katikati ya Nairobi zilipo ofisi za bodi, ng'ambo ya barabara kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Jirani wa jengo hilo aliweza kurudi saa hiyo hiyo kurekebisha kosa. Mwenzake wa Kibish aliambiwa kosa lake siku ya kufunga maombi.

Majina nayo yalileta vurugu zake. Jina la Kiturkana hubeba kiambishi cha jinsia, E au Lo kwa mwanamume, A au Na kwa mwanamke, na jina moja linaweza kusemwa kwa njia zaidi ya moja. Mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua ni Ekiru kwa mwalimu aliyemwandikisha, akawa Lokiru kwa karani wa vitambulisho, na bado ni kijana yule yule anayeitwa hivyo na mama yake. Kwenye fomu ni watu wawili. Dawa yake ni hati ya kiapo, ambayo ina ada yake na foleni yake.

Palipokuwa pagumu zaidi ni sehemu ya mapato ya familia. Fomu iliuliza kazi ya baba, kazi ya mama na mapato yao kwa mwezi. Mfugaji hana mapato ya mwezi. Ana mbuzi wanaouzwa shule zinapofunguliwa au mtu anapougua, ana maziwa wakati wa majani na hana kitu wakati wa kiangazi; anaweza kuwa na kundi kubwa Januari na kubaki na fimbo Machi baada ya uvamizi. Awi ya mtu mwenye wake watatu ina akina mama watatu, kila mmoja na mifugo aliyogawiwa na watoto anaowalisha, lakini karatasi ina nafasi ya mama mmoja. Waombaji waliandika kile ambacho mtu wa saiba, duka la kompyuta, au mwalimu aliwashauri kuandika. Wengine waliandika sifuri, nayo ikaonekana kama uongo kwa mtu wa ofisini asiyewahi kufika Lorugum. Wengine walihesabu mifugo yote ya ukoo, wakaonekana matajiri. Chifu ndiye aliyekuwa mfasiri pekee kati ya lugha hizo mbili za mali, na nafasi aliyoachiwa kwenye fomu ilikuwa mistari michache.

Kwa hiyo fomu iliyotungwa kumtafuta maskini iliwachosha maskini kwanza. Lawama haiwezi kuwekwa kwa nia mbaya. Kila karatasi iliyodaiwa ilikuwa na sababu yake: cheti cha kifo kwa ajili ya waliojifanya yatima, mdhamini kwa ajili ya waliotoroka deni. Ila sababu zote zilichukua kama jambo la kawaida kwamba serikali imekwisha kumwandika raia wake tangu kuzaliwa hadi kufa, na huko Turkana kazi hiyo ilikuwa bado nyuma sana.

Barabara ilisaidia na kukwamisha kwa zamu. Katika miaka ya themanini Norway iligharimia barabara ya lami kutoka Kitale hadi Lodwar, na kwa muda mwanafunzi aliweza kupanda basi jioni akaamkia mji wa pili. Kenya ikavunja uhusiano na Norway Oktoba 1990 kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere, mpinzani wa serikali aliyekuwa amekimbilia Norway, wafadhili wakaondoka, na lami ikaachiwa jua na mafuriko. Kufikia miaka ya elfu mbili madereva wengi walipita kando ya barabara kuliko juu yake, na magari yalisindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi. Muda wa mwisho wa kupeleka fomu haukuwahi kuahirishwa kwa sababu ya hali ya daraja la Kainuk kwenye barabara hiyo.

Kujaza pengo hilo zilikuja basari za karibu zaidi. Sheria ya hazina ya maendeleo ya maeneobunge, CDF, ilipitishwa mwaka 2003, na sehemu ya fedha zake ikatengewa karo. Turkana ilikuwa na maeneobunge matatu, yakawa sita katika uchaguzi wa 2013: Lodwar ikabaki Turkana ya Kati, Kakuma Turkana Magharibi. Baada ya ugatuzi serikali ya kaunti nayo ikaanzisha mfuko wake wa elimu. Hapa ombi lilirudi kufanana na enzi ya padri. Kamati ya wadi, yenye wazee, machifu, watu wa makanisa na walimu, iliketi na majina, na mara nyingi walioketi walimjua mwombaji au walimjua anayemjua. Orodha ilibandikwa ukutani na hundi ikaandikwa kwa jina la chuo.

Ubora wa njia hiyo ni ule ule uliokuwa ubovu wake. Mzee hahitaji cheti cha kifo cha mtu aliyemzika. Lakini kamati inayoishi na watu hushindwa kumwambia jirani hapana, hivyo fedha zikakatwa vipande vidogo ili kila nyumba ionje, na mwanafunzi wa chuo kikuu akapokea kiasi ambacho kingemfaa wa kidato cha kwanza. Siasa nazo hazikukosa: hundi zilipenda kutolewa mbele ya umati. Kisheria mifuko hiyo imetikisika siku za karibuni. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba hazina ya maeneobunge inakiuka Katiba na ikaipa muda hadi Juni 2026, na Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti akazitaka kaunti zisitoe basari bila makubaliano na serikali kuu, kwa kuwa elimu iliyo juu ya chekechea si kazi yao. Magavana walipinga.

Kakuma ina historia yake ya pekee. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, kwa ajili ya maelfu ya wavulana wa Sudan Kusini waliofukuzwa Ethiopia baada ya mtawala wake, Mengistu, kuanguka. Wakaongezeka Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine, na makazi ya Kalobeyei yakaanzishwa pembeni mwaka 2016. Shule za kambi zilifuata mtaala wa Kenya, kwa hiyo wanafunzi wake walifanya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, karatasi ile ile na siku ile ile kama Lodwar High na Turkana Girls. Matokeo yalipotoka njia ziligawanyika. Mkopo wa HELB ni wa raia. Mkimbizi mwenye gredi ya A hakuwa na fomu ya kujaza.

Hapo ndipo Kakuma inapoonyesha kichekesho kichungu. Mkimbizi ana jalada kamili: nambari ya usajili, alama za vidole, tarehe ya kuwasili, orodha ya kila mtu wa nyumba yake na historia ya kwa nini hana kitu. Mturkana wa kijiji cha jirani, ambaye sheria inampa haki ya mkopo, mara nyingi hana hata cheti cha kuzaliwa. Mmoja ana ushahidi bila haki, mwingine ana haki bila ushahidi, na wote wawili huteka maji kwenye mto mmoja mkavu wa Tarach.

Mwaka ule ule wa 1992 ndipo ulipoanza mpango wa DAFI, unaofadhiliwa na Ujerumani kupitia shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR. DAFI hulipia karo, malazi, vitabu na posho ya mkimbizi anayesoma katika nchi iliyompa hifadhi, na si mkopo. Nafasi zake ni chache na mchujo wake ni mkali: alama, barua, usaili, na macho ya kambi nzima yakingoja orodha ibandikwe. Njia ya pili inapitia Canada, kwenye mpango wa shirika la WUSC ulioanza mwaka 1978, ambamo wanafunzi wa vyuo vya Canada hujichanga kidogo kidogo katika ada zao ili kumleta mwenzao mkimbizi. Anayechaguliwa Kakuma hushuka uwanja wa ndege akiwa mkaazi wa kudumu. Wafadhili humbeba mwanzoni, kisha yeye mwenyewe huomba mikopo ya wanafunzi ya jimbo anamoishi kama kijana mwingine yeyote wa huko.

Kwa wavulana wa Sudan, ambao wengi wao walisomea chini ya miti na madarasa ya udongo ya Kakuma, njia ilikuwa ndefu zaidi. Kuanzia mwisho wa mwaka 2000 Marekani iliwachukua zaidi ya 3,500. Huko walikutana na fomu ya serikali inayoitwa FAFSA, ambayo nayo, kwa sadfa, ilizaliwa na sheria ya 1992. Ndiyo inayofungua mlango wa ruzuku ya Pell na mikopo ya serikali ya Marekani, na mtu aliyepokelewa kama mkimbizi huhesabiwa kuwa na haki ya kuomba. Fomu hiyo humwuliza mwanafunzi mapato ya wazazi wake, lakini yatima huhesabiwa kuwa mtu anayejitegemea, na sehemu ya wazazi huachwa tupu. Kijana ambaye Kenya haikuwa na fomu yake alifika Michigan au Arizona akakuta swali ambalo jibu lake, kwa mara ya kwanza, lilimsaidia.

Lodwar yenyewe ilipata chuo kikuu kwa kuchelewa. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kilifungua kampasi mjini, na mwaka 2017 Turkana University College ikaanzishwa kama tawi la Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Chuo cha mafunzo ya uuguzi na tiba cha KMTC kilikuwapo pia, na kupitia HELB wanafunzi wa vyuo vya kati na vya ufundi wakaanza kukopeshwa. Katika vyuo vya ufundi vya umma ada ikawekwa shilingi 56,420 kwa mwaka, serikali ikitoa 30,000 na mkopo kuziba kilichobaki. Nauli ikapungua. Ofisi za Huduma Centre na simu za mkononi zikaondoa mihuri mingi: mwombaji sasa hujaza kila kitu kwenye tovuti, hupiga picha za vyeti, na hupokea pesa bila kuiona Anniversary Towers. Kilichobaki kigumu ni mtandao, umeme, na mtu wa saiba anayejua nenosiri la wateja wake wote.

Mabadiliko makubwa kuliko yote tangu 1995 yalitangazwa na Rais William Ruto Mei 2023. Ada ya pamoja ya shilingi 16,000 ikafutwa kwa wanaoingia mwaka wa kwanza, kila kozi ikapewa bei yake halisi, na serikali ikagawa msaada wake katika ufadhili usiolipwa na mkopo wa HELB, kiasi kikitegemea hali ya familia. Mwaka 2024 familia ziliwekwa katika madaraja matano. La kwanza, la wenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, lilipata ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa 25, na kuachiwa asilimia 5, pamoja na mkopo wa matumizi wa shilingi 60,000. La tano, la wanaozidi shilingi 120,000, liliachiwa asilimia 40 ya gharama. Kozi ya shilingi 300,000 ingemdai mzazi wa daraja la kwanza shilingi 15,000 na wa daraja la tano 120,000. Ni vyema kukumbuka kwamba hizo 15,000 za maskini kabisa zilikaribia ada nzima ambayo tajiri alilipa kabla ya mfumo huo.

Aliyeamua nani yuko daraja gani hakuwa tena chifu wala kamati. Ilikuwa programu ya kompyuta inayopima majibu ya mwombaji: kazi za wazazi, ukubwa wa familia, ulemavu, eneo analotoka, shule aliyosoma na nani alimlipia. Kutoka eneo lililosahaulika kulihesabiwa kwa faida ya mwombaji, na Turkana ni kati ya kaunti 14 zilizotambuliwa rasmi kuwa zimeachwa nyuma. Lakini tofauti ya shilingi 5,995 na 6,000 ni hesabu ya mtu mwenye mshahara. Mtoto wa mfugaji aliyelipiwa na padri katika shule ya bweni ya Kitale aliweza kuonekana, kwa kuangalia shule tu, kama mtoto wa mwenye uwezo. Malalamiko ya kupangwa vibaya yalitoka kila pembe ya nchi, na Agosti 2024, wanafunzi walipotishia kuandamana, serikali iliunda kamati ya kuupitia mfumo na ikaruhusu rufaa za kuhamishwa daraja. Rufaa nayo ilitaka nyaraka.

Tarehe 20 Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba mfumo huo ni kinyume cha Katiba, katika kesi iliyoletwa na shirika la haki za binadamu la KHRC pamoja na wengine. Serikali ilikata rufaa, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo, hivyo madaraja yakaendelea kutumika. Mwanafunzi wa Lodwar humaliza ombi la mkopo kwenye simu, akisubiri kuambiwa yuko daraja la ngapi. Basari za wadi na za eneobunge, hata hivyo, bado huombwa kwa karatasi, na karatasi hiyo ina mahali pa saini ya chifu, kwa hiyo mwanafunzi hushika njia ya ofisi hiyo asubuhi inayofuata, kabla chifu hajatoka kwenda kwenye kituo cha chakula au kusuluhisha kesi ya ngamia.